Petroli ya Risasi Haijaisha: Tuisome Upya Habari Njema ya 2021

Msomaji, huenda unaikumbuka habari hii. Tarehe 30 Agosti 2021, Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lenye makao makuu pale Gigiri, Nairobi, lilitangaza kwamba zama za petroli yenye risasi zimekwisha duniani. Nchi ya mwisho ilikuwa Algeria, ambayo vituo vyake viliacha kuiuza mwezi Julai. UNEP ikatoa na makadirio yake: vifo vya mapema zaidi ya milioni 1.2 vinaepukwa kila mwaka kwa sababu ya hatua hiyo. Magazeti yakaibeba, redio zikaisoma, kurasa za sayansi zikaisambaza na picha za pampu za zamani. Mpaka leo utaikuta kwenye mihadhara ya mwaka wa kwanza kama mfano wa sayansi iliyoshinda.

Sasa, kutoka Gigiri mpaka Uwanja wa Ndege wa Wilson si mbali, foleni ikikuonea huruma. Na pale Wilson, wakati tangazo linasomwa, ndege ndogo za pistoni zilikuwa zinaruka kama zinavyoruka katika viwanja vingi duniani: kwa petroli yenye risasi. Haikuwa magendo wala akiba ya zamani iliyosahaulika kwenye pipa. Ni bidhaa halali yenye viwango vya kimataifa, iliyotiwa rangi ya buluu ili rubani aitambue, inayoitwa avgas 100LL.

Ninachotaka kukifanya hapa ni kuihakiki hiyo habari njema, jinsi ilivyosimuliwa na jinsi sisi wa sayansi tunavyoendelea kuisimulia. Kazi yenyewe siipingi hata kidogo. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliahidi Dakar mwaka 2001 kuiondoa risasi kwenye petroli ya magari, na ilipofika Januari 2006 zilikuwa zimemaliza. Si mchezo. Tatizo ni neno moja lililodondoka njiani: tangazo lilihusu petroli ya magari, watu wakasikia petroli. Neno hilo lilipodondoka, mlango ukafungwa, na waliokuwa bado ndani hawakuhesabiwa.

Kiswahili chetu nacho kinatuponza kidogo. Tukisema "mafuta ya ndege" tunamaanisha kitu kimoja, kumbe ni viwili visivyo na undugu. Ndege kubwa, pamoja na zile Cessna Caravan zinazobeba watalii kwenda Mara na Serengeti, zina injini za tabini na zinachoma Jet A-1, ambayo kimsingi ni ndugu wa karibu wa mafuta ya taa. Haina risasi. Ndege ndogo za pistoni, kama Cessna 172 ya chuo cha urubani au Cessna 206 ya mtu binafsi, zina injini ya silinda na plagi kama gari, na hizo ndizo zinazotumia avgas. Ukiichanganya miwili hiyo kwenye mjadala, utawalaumu wasiohusika. Na ukiichanganya kwenye tangi, mtu anaweza kufa: Jet A-1 ikijazwa kwenye ndege ya pistoni, injini inaweza kukubali kuwaka na kuondoka na mafuta yaliyobaki kwenye mabomba, halafu ikaharibika au kuzima wakati ndege inapanda. Ndiyo maana kabla ya kuruka utamwona rubani anakinga mafuta kidogo kwenye kikombe cha plastiki na kukiinua kwenye mwanga. Anatafuta maji, na anatafuta ile buluu.

Kwa nini basi risasi ibaki huko wakati magari yameachana nayo? Hapa ndipo simulizi nyingi zinapokimbia, eti ni uzembe wa matajiri. Tusikimbie.

Ndani ya silinda, mchanganyiko wa petroli na hewa unatakiwa kuwashwa na plagi, kisha moto usambae kwa mpangilio. Mchanganyiko ukibanwa na kupata joto kupita kiasi, ile sehemu ambayo moto haujaifikia inajiwakia yenyewe kwa mshindo. Mafundi wetu wanasema injini "inagonga". Kwenye gari utasikia mlio na utapunguza mwendo. Kwenye ndege kelele ni nyingi mno, huwezi kuusikia, na kugonga kwa nguvu kunaweza kutoboa pistoni kwa muda mfupi tu. Namba ya oktani inapima jambo hilo moja: mafuta yanavumilia kiasi gani kabla ya kujiwakia. Haipimi nguvu. Yule anayekuambia avgas ingeipa pikipiki yake mbio zaidi kwa sababu ni "oktani mia" anakupiga soga.

Injini za ndege ndogo zina shida yake ya maumbile. Chukua Lycoming O-360, mojawapo ya injini zinazojulikana sana katika daraja hili. Ina silinda nne na ujazo wa karibu lita 5.9, yaani kila silinda ina karibu lita moja na nusu. Silinda moja, msomaji, ni kubwa kuliko injini nzima ya Vitz ya lita moja! Silinda pana namna hiyo ina maana moto una safari ndefu ya kwenda, na sehemu ya pembeni ina muda mrefu wa kusubiri ikiwa imebanwa na joto. Juu ya hayo, inapozwa kwa upepo tu, haina rejeta, na inafanyishwa kazi nzito kwa saa nyingi mfululizo. Gari lako barabarani hutumia sehemu ndogo tu ya uwezo wake; ndege inapopanda hutumia karibu wote.

Mwaka 1921, Thomas Midgley na wenzake katika maabara ya General Motors huko Dayton, Ohio, waligundua kwamba kiasi kidogo sana cha kemikali iitwayo tetraethili ya risasi kinazuia kugonga. Ikipata joto inavunjika, na chembe za oksidi ya risasi zinazotokea zinanyonya zile molekuli zenye papara ambazo zingeanzisha mwako kabla ya wakati. Ila zikiachwa, chembe hizo zinaganda kwenye plagi na valvu. Kwa hiyo ikaongezwa kemikali ya pili, ethilini dibromaidi, ambayo inaigeuza risasi kuwa bromidi ya risasi, na hiyo kwenye joto la injini inakuwa mvuke na kutoka kwa ekzosi. Tafakari hapo kidogo. Risasi haivuji kwa bahati mbaya, maana mchanganyiko wenyewe umetengenezwa ili risasi itoke nje. Injini inabaki safi kwa sababu hewa inachafuliwa.

Na hapa Kiswahili kinatuzidi kete Waingereza: risasi ya kwenye petroli na risasi ya kwenye bunduki kwetu ni neno moja. Wauzaji wa kwanza, mwaka 1923, waliiuza bidhaa hiyo kwa jina la Ethyl, neno risasi likafichwa kabisa. Mwenye kununua kwa Kiswahili angeuliza maswali mapema.

Majina bado yanafanya kazi ileile. Zile herufi LL mwishoni mwa 100LL zinasimama kwa "risasi kidogo". Kidogo kuliko nini? Kuliko avgas ya kijani iliyoitangulia, ambayo iliruhusiwa kuwa na karibu mara mbili yake. Kikomo cha 100LL ni gramu 0.56 za risasi kwa lita, sawa na gramu 2.12 kwa galoni ya Marekani. Sasa linganisha: kuanzia Januari 1986, Marekani iliweka kikomo cha gramu 0.1 kwa galoni kwa petroli ya magari iliyokuwa bado ina risasi, na miaka kumi baadaye ikaipiga marufuku kabisa barabarani. Kwa hiyo hicho "kidogo" kinaruhusu risasi mara 21 ya kiwango ambacho mwaka 1986 kilionekana ndicho cha mwisho kuvumilika kwenye gari. Piga hesabu nyingine ya haraka. Injini kama O-360 inakula karibu lita 35 kwa saa. Mafuta yakiwa kwenye kikomo, ni karibu gramu 20 za risasi kila saa ya kuruka. Mamlaka ya mazingira ya Marekani, EPA, katika hesabu zake huchukulia kwamba takriban asilimia 5 inabaki kwenye injini na oili. Iliyobaki inakwenda unakokujua.

Kuna simulizi nyingine inayopendwa sana na sisi waandishi wa sayansi, nayo ni ya Midgley mwenyewe. Unaijua: mtu mmoja aliyetuletea petroli ya risasi na gesi za freoni, aliyenawa mikono kwa tetraethili mbele ya waandishi wa habari Oktoba 1924 kuonyesha haina madhara ilhali mwenyewe alishawahi kuugua kwa risasi, na ambaye mwaka 1944 alikufa akiwa amenaswa na kamba za mtambo aliojitengenezea kitandani baada ya kupata polio. Ni hadithi tamu, ina mwovu na ina adhabu. Lakini naiona kama uhakiki mbovu wa historia. Inamfanya mtu mmoja abebe mzigo wa kampuni kadhaa, na inaimaliza hadithi pale mwovu anapozikwa.

Mtu wa kumwangalia zaidi ni Robert Kehoe, daktari aliyekuwa mshauri wa afya wa kampuni ya Ethyl kwa miongo mingi. Mwezi huohuo wa Oktoba 1924 wafanyakazi watano walikufa kwenye kiwanda cha tetraethili huko Bayway, New Jersey, kwa sumu iliyowatia wazimu kwanza. Serikali ikaitisha mkutano 1925, na kamati yake ikasema mwanzoni mwa 1926 kwamba haikuona sababu za kutosha za kupiga marufuku. Msimamo wa Kehoe ulikuwa huu: leteni ushahidi wa madhara kwa umma ndipo tubadilike. Na kwa kuwa vipimo vingi vilifanywa na watu wa upande wa kampuni, ushahidi haukuwa na haraka ya kutokea. Mpaka Clair Patterson, mwanajiokemia aliyekuwa akipima umri wa dunia kwa kutumia risasi, alipochapisha mwaka 1965 kwamba kiasi cha risasi tulichokuwa tumezoea kukiita cha kawaida ni matokeo ya uchafuzi wetu wenyewe.

Ukiisoma hadithi kwa jicho la Kehoe, hujafika mwisho wake. Kanuni yake bado inatumika: pasipopimwa, huhesabiwa kuwa salama. Viwanja vidogo vya ndege viko katikati ya makazi, na kwa miaka mingi wakazi wake waliambiwa ndege ni chache, risasi ni kidogo, upepo unaichukua. Kisha kaunti ya Santa Clara, California, ikaagiza utafiti kuhusu watoto wanaoishi karibu na uwanja wa Reid-Hillview. Ripoti ilitoka Agosti 2021, mwezi uleule wa tangazo la Gigiri! Kulinganisha maelfu ya vipimo vya damu kulionyesha kwamba risasi ilipanda kadiri mtoto alivyoishi karibu na uwanja, kadiri alivyoishi upande ambao upepo unaelekea, na kadiri ndege za pistoni zilivyokuwa nyingi. Mambo matatu yakielekeza upande mmoja, ni vigumu kusema ni rangi za nyumba za zamani tu. Kaunti ikaacha kuuza mafuta yenye risasi kwenye viwanja vyake kuanzia tarehe 1 Januari 2022. Oktoba 2023 EPA nayo ikatoa uamuzi rasmi kwamba risasi ya ndege hizi inahatarisha afya ya umma. Kwa makadirio yake, ndizo chanzo cha karibu asilimia 70 ya risasi inayoingia hewani Marekani.

Hiyo asilimia 70 isikutishe bila kuielewa. Ni kubwa kwa sababu vyanzo vingine vimepungua sana. Kwetu picha ni tofauti: ndege za pistoni ni chache, na risasi ina njia nyingine mbaya zaidi. Waulize watu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliotiwa sumu na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu, ambao kesi yao ilifika mpaka Mahakama ya Juu. Angenipa mtu mashine moja ya kupimia risasi kwenye damu, ningeipeleka kwanza kwa wanaoishi jirani na waliko wayeyusha betri, kisha ndipo kwa familia zilizo karibu na njia ya kurukia. Lakini kuwa wa pili kwenye foleni hakumaanishi kufutwa kwenye foleni. Hakuna kiwango cha risasi kwenye damu ya mtoto kinachojulikana kuwa salama. Hilo Shirika la Afya Duniani linalisema wazi.

Upande wa pili nao, wa wapenzi wa ndege, una hoja yake ninayoisikia mara kwa mara: mbadala hauwezekani. Hoja hiyo ina nusu ya ukweli. Sweden, kampuni ya Hjelmco imekuwa ikiuza avgas isiyo na risasi tangu miaka ya 1980, na ile ya oktani 91 tangu 1991. Injini zenye mgandamizo mdogo zinaitumia bila shida. Injini za Rotax 912 zinakunywa petroli ya kawaida. Diamond DA42 za dizeli, ambazo vyuo vya urubani vinazipenda, zinatumia Jet A-1. Wanaobaki ni wenye injini kubwa zenye mgandamizo mkubwa. Katika sekta hiyo husemwa kuwa ni kama asilimia 30 ya ndege za pistoni, lakini ndizo zinazokula kama asilimia 70 ya avgas, kwa sababu ndizo za biashara zinazoruka kila siku. Kwa hiyo "ndege nyingi zinaweza kubadili kesho" ni kweli, na "kubadili kesho hakutapunguza risasi nyingi" ni kweli vilevile. Ukisikia mtu anatumia sentensi moja bila ya pili, ujue anakuuzia kitu.

Nusu nyingine ya ukweli ilionekana Chuo Kikuu cha North Dakota, chenye moja ya shule kubwa za urubani Marekani. Katikati ya 2023 walihamia mafuta ya oktani 94 yasiyo na risasi. Kufikia Oktoba walirudi kwenye 100LL, kwa sababu mafundi walipima na kukuta viti vya valvu za ekzosi vinalika. Risasi, kumbe, ilikuwa pia inaacha utando unaolinda vyuma hivyo. Mafuta mengine, G100UL, yalipata kibali cha FAA Septemba 2022 kwa injini zote za pistoni zinazowashwa kwa plagi, baada ya hapo yakaja malalamiko ya rangi na viziba vya matangi kuharibika kwenye baadhi ya ndege. Marekani imejiwekea lengo la kumaliza risasi kufikia mwisho wa 2030. Sidhani kama ni uzembe unaochelewesha tena. Ni ugumu wa kubadilisha kitu ambacho injini ilijengwa kukitegemea kwa miaka mingi. Uzembe ulikuwa ile miongo ya nyuma, wakati kila mtu alipojua na hakuna aliyesukuma.

Nimalizie na sehemu ambayo hata wahakiki wakali wanaisahau, yaani oili. Oili ya injini za pistoni za ndege si ile ya gari. Ya gari ina visafishaji vyenye metali, ambavyo vikiungua vinaacha majivu, na majivu yakikaa moto ndani ya silinda ya ndege yanaweza kuwasha mafuta kabla ya plagi. Ndiyo maana ya ndege ina visambaza-uchafu visivyo na majivu. Ile W ya kwenye kopo la W100 ndiyo inasema hivyo, wala haihusiani na majira ya baridi kama kwenye 15W-40. Kazi yake moja kubwa ni kubeba risasi inayopenya pembeni ya pistoni isigande. Mobil iliwahi kuleta AV 1, oili ya kutengenezwa kabisa maabara, nzuri kwa kila kipimo ila kimoja: ilishindwa kuibeba risasi, ikafanya tope ndani ya injini, ikaondolewa sokoni miaka ya 1990. Risasi ikaamua mpaka aina ya oili tunayoweza kutumia.

Ndiyo sababu oili hubadilishwa kila saa 50 za kuruka, au 25 kama injini haina chujio kamili, na inayotoka huwa na risasi inayopimwa kwa maelfu ya sehemu kwa milioni. Sasa fikiria safari yake baada ya hapo. Huku kwetu oili chafu haitupwi, ni mali. Inapakwa kwenye nguzo za uzio na mbao za paa ili mchwa wasile, inamwagwa uani kutuliza vumbi, na anayeipaka hufanya hivyo kwa mikono mitupu huku watoto wakicheza pembeni. Kwa pipa la oili ya gari hilo ni baya tayari. Pipa kutoka karakana ya ndege za pistoni ni jingine kabisa, ila kwa macho yote mawili ni meusi na yananuka sawa. Fundi wa ndege anayesoma hapa, nakuomba kitu kimoja: pipa hilo liandike kwa rangi, kwa Kiswahili, OILI HII INA RISASI, na usimpe mtu wa mbao hata akikubembeleza. Kama unakaa karibu na uwanja na kuna mtu anakuuzia oili chafu kwa bei ya kutupa, muulize imetoka kwenye injini gani.